Februari mabawa yana mapengo, Machi wanatakiwa kuondoka: wahamiaji hawa wanabadili manyoya lini hasa?

Somoe_Mikindani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Naomba msaada kwa wanaowafahamu ndege wahamiaji. Kwenye mikorosho ya upande wa Naliendele hapa Mtwara, mwezi huu wa Februari, wapo wale wadogo wa kijani-manjano wanaopekua majani siku nzima (nimewatambua kuwa ni Phylloscopus trochilus). Picha zao zinaonyesha pengo katikati ya bawa, pande zote mbili, mahali palepale. Mbayuwayu wa kwenye nyaya za umeme hapa Mikindani (Hirundo rustica) nao wana mikia isiyolingana, wengine hawana kabisa zile nyuzi ndefu za pembeni. Lakini mtikisa mkia manjano (Motacilla flava) kwenye mabonde ya mpunga ana bawa kamili lisilo na pengo, ila kifua na kichwa vina mabaka, njano hapa, kijivu pale.

Ninavyojua, wote hawa wanarudi Ulaya na Asia Machi na Aprili. Maswali yangu ni haya. Kwa nini hawabadili manyoya kwa wakati mmoja? Je, mwenye pengo Februari atawahi kumaliza kabla ya safari? Na mtu mwenye kamera tu, asiyekamata ndege, anawezaje kuweka kumbukumbu ya jambo hili ikawa na maana?

Fundi_Bawa

Marahaba dada Somoe. Umeona sawasawa, na aina hizo tatu ulizotaja zina majibu matatu tofauti. Watu wengi huwatia wahamiaji wote kapu moja, halafu picha zinawachanganya. Swali la kuanzia, kwa kila aina ya ndege, ni hili: manyoya ya kurukia anayabadilisha wapi? Kule anakozalia, huku kwetu, au pande zote mbili? Ukishapata jibu lake, picha ya mwezi wowote unaweza kuisoma.

Kwanza sababu ya kubadili. Unyoya uliokwisha kukua hauna damu wala uhai, ukichanika haujitibu. Jua, mchanga, majani na upepo huula taratibu kuanzia ncha na kingo. Sehemu nyeusi hudumu zaidi kwa sababu melanini huufanya unyoya uwe mgumu, na sehemu nyeupe ndizo zinazoliwa mapema. Ndiyo maana ndege wengi, hata wale weupe, wana ncha nyeusi za mabawa. Baada ya mwaka mmoja wa kazi, na safari mbili za maelfu ya kilomita ndani yake, unyoya umechoka. Hapo wa zamani hutoka na mpya huchipua kwenye kishimo kilekile, ukiwa umefungwa ndani ya ala yenye damu.

Kuotesha manyoya kunataka protini nyingi, na kwa muda huo bawa lina mapengo, ndege anaruka kwa tabu. Safari nayo inataka akiba ya mafuta na bawa zima. Kuzaa na kulisha makinda kunataka muda wote wa mchana. Ndege mdogo hawezi kuyafanya yote matatu kwa pamoja, hivyo huyapanga. Ni sawa na kuezeka upya nyumba ya makuti yenye watu ndani: unatoa kuti moja unaweka jingine, na huchagui juma la mvua kubwa kwa kazi hiyo.

Sasa mpangilio wenyewe. Wapo wanaomaliza kila kitu kule kule baada ya kuzaa, Julai na Agosti, ndipo wanafunga safari. Mtikisa mkia wako yumo humo. Mkubwa (yaani aliyekomaa, si kinda) hubadili bawa lote na mkia kule kaskazini, anafika kwetu na manyoya ya kurukia mapya. Huku, kuanzia Januari hadi Machi au Aprili, anabadili kichwa, kifua, mgongo na vimanyoya kadhaa tu vya ndani ya bawa karibu na mwili, na mara nyingine manyoya ya katikati ya mkia. Hayo mabaka ya njano ni vazi la kuzalia linaloota. Bawa halina pengo kwa sababu halihusiki. Kundi hilohilo lina Luscinia luscinia, yule wa kahawia anayeimba ndani ya vichaka vizito: bawa alishalimaliza kabla ya kuondoka kule. Anthus trivialis mkubwa, ndege wa kahawia mwenye michirizi kifuani, hufanya vivyo hivyo.

Wengine wanaondoka mapema, na manyoya ya zamani, na kazi yote wanaifanya Afrika. Mbayuwayu ndiye mfano mkubwa. Huyu anakula akiwa angani, kwa hiyo hawezi kujitia mapengo makubwa. Anatoa unyoya mmoja mmoja au miwili, na kazi humchukua miezi minne hadi sita, Septemba au Oktoba mpaka Machi. Manyoya ya nje ya mkia, zile nyuzi ndefu, huja mwishoni. Uliowaona wana nyuzi fupi Februari hawajaumia, bado zinaota. Sylvia borin (kidege cha kahawia cha vichakani), Muscicapa striata (mdaka wadudu wa kijivu-kahawia) na mbwigu mgongo-mwekundu (Lanius collurio) nao ni wa kundi hili. Tofauti ya mbwigu ni kwamba wengi wao hapa kwetu ni wapita njia: Novemba na Desemba wanapita na bawa lililochakaa kwenda kusini zaidi, na Aprili wanarudi na bawa jipya. Usishangae kukosa picha ya mbwigu mwenye mapengo Mtwara. Kazi anaifanyia mbali zaidi na hapa. Acrocephalus palustris, kidege kingine cha kahawia, hali kadhalika. Usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, kule Ngulia katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ambako ndege wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, yeye na Luscinia luscinia ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi. Wote wawili wanaelekea kusini usiku huohuo, mmoja ana bawa jipya na mwingine la zamani.

Halafu yupo huyo mdogo wa kijani-manjano, ambaye ana utaratibu wa peke yake. Phylloscopus trochilus mkubwa hubadili manyoya yote MARA MBILI kwa mwaka: mara moja kule baada ya kuzaa, haraka, kwa kitu kama mwezi na siku kadhaa, na mara ya pili huku Afrika kati ya Desemba na Machi. Kwa ndege waimbaji ni jambo la nadra mno. Kinda wa mwaka huo yeye anasafiri na bawa aliloota nalo kiotani, na analibadili kwa mara ya kwanza huku. Kwa hiyo Februari hapo Naliendele, mzazi na kinda wote wana mapengo. Ndege huyu ana gramu 8 hadi 10 tu, na wale wa mashariki ya mbali ya Siberia wamefuatiliwa kwa vifaa vidogo vya kurekodi mwanga wakasafiri karibu kilomita 13,000 kufika Afrika ya Mashariki na kusini yake. Bawa la safari ya namna hiyo haliwezi kuwa la kubahatisha.

Kuhusu kuwahi: wengi wanawahi, ila si wote, na kinachoamua ni chakula. Nitarudi kwenye hilo.

Mchinga_Pwani

Fundi amesema vizuri. Naongeza upande wa saa, kwa sababu wengi huamini ndege anafuata urefu wa mchana peke yake. Kule kaskazini ni kweli kwa kiasi kikubwa: mchana unapofupika Agosti, aliyechelewa kuzaa anaharakisha kunyonyoka. Lakini hapa Lindi na Mtwara tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni ni saa moja na dakika kumi hivi. Ni kidogo sana kulinganisha na anayoyaona kule.

Kinachomwongoza ni saa iliyo ndani ya mwili wake. Eberhard Gwinner wa Ujerumani aliwaweka ndege wa aina hizihizi, Phylloscopus trochilus na Sylvia borin, ndani ya vyumba vyenye saa 12 za mwanga na 12 za giza, bila kubadilika. Waliendelea kunenepa, kuhangaika usiku kama wasafiri, na kubadili manyoya kwa zamu, mzunguko baada ya mzunguko. Mzunguko wao ulikuwa mfupi kuliko mwaka halisi, karibu miezi kumi kwa Sylvia borin. Yaani saa ipo, na mwanga wa dunia kazi yake ni kuirekebisha tu. Ndege aliye kwenye mkorosho wa Naliendele hahitaji kuona dalili yoyote ya majira ya Urusi ili ajue Machi imekaribia.

Na hapo ndipo kuna hatari yake. Saa hiyo haijui kwamba mvua zetu zimechelewa. Kusini huku tuna msimu mmoja wa mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingi na kikavu cha katikati kuelekea Februari. Upepo wa kaskazi unawaleta, mvua inatoa kumbikumbi, viwavi na vidukari, na kazi ya manyoya inapangwa juu ya chakula hicho. Mvua ikichelewa majuma kadhaa, kazi inachelewa kuanza au inakwenda kwa kusuasua, lakini tarehe ya kuondoka haisogei kwa kiasi hichohicho. Matokeo yake ni mojawapo ya haya matatu: ndege anachelewa kuondoka na kukuta wenzake wameshachukua maeneo mazuri ya kuzalia, anaharakisha na kupata manyoya hafifu, au anasimamisha kazi katikati na kuondoka na mchanganyiko wa manyoya mapya na ya zamani.

Kuhusu kuharakisha, majaribio ya kwezi wa Ulaya (Sturnus vulgaris) yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha waziwazi: waliolazimishwa kunyonyoka haraka, kwa kufupishiwa mchana, walipata manyoya mafupi, laini na yanayoliwa upesi. Kasi ina bei.

Njaa nayo unaweza kuiona kwenye unyoya. Tazama kama kuna mstari mwembamba uliofifia unaokata unyoya kwa upana, kama ukosi. Hapo ndipo siku ambayo unyoya ulikuwa unaota lishe ilikatika au ndege alipata mshtuko. Mistari hiyo ikipangana sawasawa kwenye manyoya yote ya mkia, maana yake manyoya hayo yaliota kwa pamoja. Ndivyo inavyokuwa kwa kinda kiotani. Ikipishana urefu, yaliota kwa zamu. Unyoya huvunjikia hapohapo.

Sasa swali lako la kamera. Linawezekana kabisa, mradi ufuate utaratibu.

Piga picha za mfululizo, kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Unachosubiri ni nukta tatu: ndege anapojinyoosha bawa moja kuelekea chini, anapojikung'uta baada ya kuoga kwenye umande wa majani, na anaporuka kutoka tawi hadi tawi. Ndege aliyetulia na bawa limekunjwa hakuambii kitu. Manyoya ya nje yamefichwa chini ya yale ya ndani. Simu peke yake haitoshi kwa ndege wa gramu 9. Kwa mbayuwayu waliokaa kwenye waya, simu iliyowekwa kwenye jicho la darubini inatosha kuona mkia.

Kwenye picha hesabu manyoya makuu ya ncha ya bawa. Ndege waimbaji wana 10, lakini la 10, la nje kabisa, kwa wengi ni kijinyoya kidogo mno, hivyo utahesabu 9. Namba 1 ni la ndani, linalopakana na yale ya mkono wa nyuma (manyoya ya kurukia ya nusu ya bawa iliyo karibu na mwili). Namba 9 liko ncha. Kila moja lipe alama kati ya 0 na 5. Sifuri ni la zamani. Moja ni lililotoka likaacha pengo, au kichipukizi tu. Mbili ni lililofika theluthi ya urefu. Tatu ni kati ya theluthi moja na mbili. Nne limepita theluthi mbili lakini bado halijafika mwisho. Tano ni jipya lililokamilika. Jumla ya bawa jipya lote ni 45.

Kawaida kazi inaanza namba 1, inafuata 2 na 3 kwa haraka, halafu inapungua mwendo kuelekea nje. Manyoya ya mkono wa nyuma huanza baada ya yale ya ncha kufika karibu katikati. Mkia hutoka katikati kwenda pembeni. Ukiona bawa limepangika hivyo na pande zote mbili zinalingana, ni kubadili manyoya. Pengo upande mmoja tu, au manyoya matatu ya mkia yaliyotoka kwa mpigo, ni ajali: paka, kipanga, manati au wavu.

Somoe_Mikindani

Ahsanteni sana, nimeanza kuona nuru. Nimejaribu kwenye picha moja ya katikati ya Februari, bawa la kulia, kutoka ndani kwenda nje: 5 5 5 4 2 1 0 0 0. Jumla 22. Bawa la kushoto halionekani lote, ila pengo liko mahali palepale.

Je, huyu atawahi? Na kuna watoto wa jirani wameleta mmoja amelala chini ya mkorosho, hai lakini mnyonge, wanauliza kama ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku.

Fundi_Bawa

Alama zako zimekaa vizuri, huyo ameanza ndani na anakwenda nje, karibu nusu ya kazi.

Tukadirie. Manyoya marefu ya ncha ya ndege huyu yana takriban sentimita 5. Manyoya ya ndege wadogo hukua milimita chache kwa siku. Tuchukue 3, ambayo ni siku 17 hivi kwa unyoya mmoja. Namba 7, 8 na 9 bado ni za zamani. Tuseme la 7 linatoka siku tatu zijazo na mengine yanafuata kila baada ya siku sita. La 9 litatoka siku ya 15, na likiongezewa siku 17 za kukua, kazi inaisha siku ya 32. Hiyo ni katikati ya Machi au zaidi kidogo. Baada ya hapo anahitaji siku za kula na kuweka mafuta. Kwa hiyo akiondoka mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili yuko ndani ya wakati wake. Badili mwendo uwe milimita 2 uone: unyoya mmoja unataka siku 25, na mwisho unasogea hadi karibu na tarehe 25 Machi, bila kuhesabu kwamba manyoya yanayofuata nayo hutoka kwa kuchelewa. Hapo ndipo kikavu kirefu cha Februari kinapouma. Hesabu hii ni ya kukadiria kwa ndege mmoja, usiitumie kusema jambo juu ya kundi zima.

Kwa kundi, jambo moja wapigapicha wengi hulikosa: wanaweka picha za wenye mapengo tu kwa sababu ndizo zinazovutia. Ukifanya hivyo tarehe zako zote zitapotoka. Les Underhill na Walter Zucchini wa Cape Town walichapisha mwaka 1988 njia ya kihesabu ya kukadiria siku ya kuanza na muda wa kazi, na njia hiyo hutumia pia wale wasioanza na wale waliomaliza. Kwa hiyo 0 0 0 0 0 0 0 0 0 ya Novemba ni data. 45 ya Aprili ni data. Andika tarehe, mahali, aina ya mti au makazi, alama kwa kila unyoya (si jumla peke yake), na bawa la upande gani. Picha ambayo unyoya mmoja hauonekani, andika alama ya kuuliza mahali pake, usibuni.

Huyo mnyonge: kunyonyoka si ugonjwa, na ndege wa porini aliyelala chini si ushahidi wa mdondo. Hata hivyo watoto wanawe mikono kwa sabuni na wasimpeleke karibu na kuku. Mtie ndani ya boksi la karatasi ngumu lenye matundu, tandika kitambaa, funika, weka kivulini penye utulivu. Asimiminiwe maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Msiguse vichipukizi vya bawa: vina damu, kimoja kikivunjika anaweza kuvuja damu nyingi kwa mwili wa gramu 9. Akichangamka na kusimama imara, afunguliwe pale pale alipookotwa, mchana, ili awahi kula kabla ya giza. Asiwekwe usiku kucha bila sababu. Ndege huyu hana akiba.

Wala msianze kutega nyavu kwa ajili ya kupima mabawa. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na utafiti wa kuwashika unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania. Kamera inatosha.

Rondo_Juu

Hodi jamani. Nina mambo mawili ya kurekebisha kabla Somoe hajaanza daftari lake.

La kwanza, utaratibu wa "ndani kwenda nje" alioueleza Mchinga hauwahusu wote. Muscicapa striata, yule wa kijivu-kahawia anayekaa kwenye tawi tupu la chini la mkorosho, anaruka kudaka mdudu na kurudi palepale, anabadili manyoya makuu kinyume: anaanza la nje anaingia ndani. Mtu asiyejua ataona manyoya mapya ya ncha na ya zamani ya ndani, atadhani ndege amekwisha kazi, au atahesabu alama kwa kugeuza. Kwa hiyo tambua aina kwanza, halafu ndiyo uhesabu.

La pili ni umri, maana Oktoba na Novemba linawapotosha hata waliozoea. Kwa wanaobadili bawa Afrika (Sylvia borin, mbwigu, mbayuwayu), anayefika na manyoya MAZURI ni kinda. Manyoya yake yaliota kiotani Juni au Julai, yana miezi michache. Mzazi wake anafika na bawa la tangu msimu uliopita huku Afrika, kingo zimefifia na kuchanika. Kwa wanaobadili kule (mtikisa mkia, Anthus trivialis, Luscinia luscinia) ni kinyume: mkubwa ndiye mwenye bawa jipya zaidi, na kinda ana bawa la kiotani lililoanza kuchoka. Kwa makinda hawa tafuta mpaka kwenye vimanyoya vinavyofunika mwanzo wa bawa: vya ndani vipya, vya nje vya zamani, vifupi na vimepauka, vinagawanyika mahali pamoja. Mpaka huo ukionekana wazi, umri umeshaupata.

Jihadhari na mwanga. Jua la saa sita linafanya kingo zote zionekane zimepauka, na unyoya ulioloa unaonekana mweusi, yaani mpya. Linganisha unyoya na unyoya mwenzake ndani ya bawa moja kwenye picha moja. Usilinganishe picha ya asubuhi na ya mchana.

Tukiwa kwenye wahamiaji, naomba tusiwasahau wasiotoka Ulaya. Hapa kwetu kuna mhamiaji ambaye anazalia Lindi kisha anaondoka: Geokichla guttata, yule wa sakafu ya msitu mwenye madoa makubwa meusi kifuani. Msitu wa Rondo ni miongoni mwa mahali panapojulikana kuwa anazalia msimu wa mvua, na msimu wa kusi anaonekana pwani ya Kenya, Gede na Arabuko-Sokoke. Kalenda yake ni kinyume cha yule wa Naliendele: mmoja anakuja na mvua kupumzika na kuotesha manyoya, mwingine anaitumia mvua hiyohiyo kulea makinda. Kwa hiyo jedwali la Phylloscopus usilipeleke kwake. Atakayebahatika kumwona Rondo au Litipo (msitu mwingine wa Lindi) mwezi Machi au Aprili, apige bawa na mkia kwa uangalifu, bila kumchezea sauti za kurekodi ili ajitokeze, maana ni msimu wa makinda na idadi yake ni ndogo.

Na wenyeji wasiohama nao wanakuchanganya. Dume la kweche linalogeuka jekundu mvua zikianza, na kurudi kahawia kama jike baada ya kuzaa, hajahama popote. Ndege wa ukanda wa joto wasiosafiri wana nafasi ya kwenda taratibu. Kazi yao huchukua muda mrefu zaidi, na baadhi huanza kunyonyoka wakiwa bado wanalisha makinda, jambo ambalo mhamiaji hulikwepa kadiri awezavyo. Shore mwenye upara kichwani nao si utaratibu wa kawaida wa bawa. Mara nyingi ni utitiri au amepoteza vimanyoya vya kichwa kwa mpigo, na huota tena.

Mchinga_Pwani

Nakubali kuhusu Muscicapa striata, nilipaswa kulitenga. Somoe, kwenye daftari lako weka safu ya "mwelekeo": ndani-nje, au nje-ndani. Itakuokoa.

Nyongeza juu ya waliosimamisha kazi katikati. Usiwachanganye na wanaoendelea. Anayeendelea ana pengo au unyoya mfupi mahali fulani, yaani alama 1 hadi 4 lazima ionekane. Aliyesimamisha hana pengo hata moja: ana 5 5 5 5 0 0 0 0 0, manyoya yote marefu, ila kuna mpaka mkali kati ya jipya jeusi na la zamani la kahawia. Ukimpata Oktoba, maana yake alianza kule akasimama ili asafiri. Ukimpata mwishoni mwa Machi au Aprili, inawezekana kabisa msimu wetu haukumtosha. Hizo za Aprili ndizo za kuziwinda mwaka ambao mvua zimechelewa.

Somoe_Mikindani

Nimeelewa. Nitaanza na Phylloscopus na mbayuwayu tu ili nisitawanyike. Swali la mwisho: kwa mbayuwayu, nihesabu bawa au mkia? Wakiwa wamekaa kwenye waya bawa limefungwa.

Fundi_Bawa

Mkia kwa waliokaa, bawa kwa wanaoruka. Mkia una manyoya 12, sita kila upande, na yote mawili ya nje ndiyo ya kuangalia. Pima urefu wa nyuzi kwa kulinganisha na ncha ya bawa lililokunjwa: zimepita, zimelingana, au hazijafika. Andika pande zote mbili kwa sababu wakati wa kuota hazilingani. Dume huwa na nyuzi ndefu kuliko jike, na makinda mafupi zaidi, kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Tafuta ala nyeupe kwenye shina la unyoya, chini kabisa, ndege anapotandaza mkia kujisafisha. Ala ikiwepo, bado unaota.

Kwa bawa, simama mahali wanapopita chini kabla ya magharibi, jua likiwa nyuma yako, upige wakiwa juu ya upeo wa macho ili bawa lionekane wazi dhidi ya anga. Pengo litaonekana kama jino lililong'oka. Usitegemee mapengo makubwa kama ya yule wa mkoroshoni. Kwake ni unyoya mmoja, mara chache miwili. Anza wiki hii, kisha rudia waya uleule kila wiki hadi uone hakuna tena mbayuwayu, na zile wiki utakazoona wote wamekamilika uziandike pia.